Msilihukumu Yai Kabla ya Kuuliza Unga wa Uji

Mfuko wa barua wa mwezi huu umejaa midomo iliyovimba, matumbo yanayounguruma na watu waliokatazwa kula nusu ya Marikiti. Jibu la kwanza nimelirefusha makusudi, kwa sababu kina mama wengi wameuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Wengine mtanivumilia.

Bi Lishe, salamu nyingi. Mwanangu ana miezi 11. Mara mbili sasa ametokwa na mabaka mekundu ya kuwasha mwili mzima, na mara ya pili mdomo wa juu ulivimba kabisa. Zote mbili ilikuwa asubuhi nikijiandaa kwenda kazini, anamaliza uji wake. Mama mkwe anasema ni mayai, kwa sababu alianza kula yai mwezi huo huo. Yai huwa nampa Jumapili tukitoka kanisani. Baada ya hapo alikula tena mara kadhaa na sikuona kitu, lakini kwa kuogopa nimeliacha. Nimeacha pia maziwa na samaki. Sasa anakula viazi, ndizi na uji, bado ananyonya, lakini kilo hazipandi. Kuna kipimo gani cha kujua ana aleji ya nini? Halafu nisaidie: ule unga wake wa mchanganyiko uliisha, nampa wa wimbi tupu mpaka nipate pesa. Kuna ubaya?
*Mama wa kifungua mimba, Kayole*

Mama, yai mmelionea. Mzio wa aina hii, wa mabaka na uvimbe, haungojei kesho. Huanza dakika chache baada ya chakula kuingia mdomoni, na ni nadra kuchelewa zaidi ya muda wa saa mbili. Yai lenye hatia lingejulikana Jumapili hiyo hiyo, kabla hujamaliza kuosha vyombo. Na kwa kuwa amelila tena mara kadhaa akabaki salama, mimi naliachilia liende zake. Mrudishie mtoto yai lake, lililoiva vizuri.

Swali lako la mwisho, ambalo umelitia pale chini kama la ziada, ndilo lenye jibu. Unga wa mchanganyiko uliisha, mtoto akahamia wimbi tupu, na hujaniambia kwamba mabaka yalirudi. Basi tumuulize huo unga.

Mama wengi wanaokuja kliniki, ukiwauliza mna nini ndani, watakuambia, "Ni wimbi na vitu vya kuongeza nguvu." Mimi nataka hivyo vitu vya nguvu vitajwe kwa majina. Mchanganyiko unaouzwa mitaani huku Eastlands kwa kawaida una wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, mbegu za mchicha na omena waliokaushwa. Wapo wanaotia maziwa ya unga, wapo wanaotia ngano. Sasa weka hayo kando ya vyakula vinane ambavyo kwa miaka mingi vimejulikana kuleta mizio mingi zaidi duniani: maziwa, mayai, njugu karanga, korosho na jamaa zake wa mitini, samaki, kamba na kaa, soya, ngano. Kijiko kimoja cha unga wa mtoto kinaweza kuwa na vitano kati ya hivyo. Yai halimo.

Halafu kuna kinu chenyewe. Siku ukipata nafasi simama pale utazame. Nafaka inamiminwa juu kwenye bakuli la bati, unga unatokea chini kupitia mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa kwa mpira kwenye mdomo wa mashine. Njugu zina mafuta, na zikishapita huacha ukoko wa kahawia kwenye chekecheke na kwenye mshono wa kile kitambaa. Akija mwingine na wimbi lake safi, kijana wa kinu anatupa konzi ya mahindi "kusafisha koo", anapiga mfuko makofi mawili, kisha anaanza. Konzi ya mahindi haibanduki na ukoko wa mafuta. Mama aliyeleta wimbi tupu anarudi nyumbani na wimbi lake pamoja na njugu za mteja aliyemtangulia. Kwa watoto wengi si neno. Kwa mwenye mzio wa njugu, kidogo hicho kinatosha kumvimbisha. Kwa hiyo wimbi linalomfaa sasa hivi endelea kulipata pale pale unapolipata, na usibadilishe kinu kwa sababu ya shilingi kumi.

Unga ule wa mchanganyiko usiununue tena, hata ukipewa bure. Na usijaribu kumwonjesha leo njugu, kesho soya, ili uone. Mtoto ambaye mdomo umeshavimba, kurudishiwa chakula kinachoshukiwa hufanyiwa hospitalini, daktari akiwa karibu na adrenalini ikiwa tayari. Wewe kazi yako ni kumpelekea daktari habari kamili. Chukua karatasi uandike: alikula nini na kiasi gani, dalili ya kwanza ilianza baada ya dakika ngapi, ilikuwa ipi, ilikaa muda gani, na kama siku hiyo alikuwa na homa au alimeza dawa. Nenda kwa aliyekuuzia unga akutajie kila kilichomo, na uandike. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kipimo chochote, kwa sababu ndiyo inayomwambia daktari apime nini.

Vipimo vya maana kwa mzio wa haraka ni viwili. Cha kwanza ni cha ngozi: tone la kitu kinachoshukiwa linawekwa kwenye mkono au mgongoni, ngozi inachomwa kidogo kupitia tone hilo, na baada ya dakika 15 hivi wanapima uvimbe. Ukizidi ule wa tone la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, unahesabiwa. Cha pili ni cha damu, kinachotafuta kingamwili inayoitwa IgE dhidi ya chakula hicho. Kwa mwanao ningeomba njugu karanga, soya na samaki, na maziwa au ngano ikiwa muuzaji atakiri alivitia. Usikubali kupimiwa vyakula thelathini kwa mpigo. Vipimo hivi vinaonyesha kwamba mwili umekitambua chakula, wala havithibitishi kwamba kitamdhuru; ukipima vingi utaletewa majibu ya "ndiyo" kwa vyakula ambavyo mtoto amekula maisha yake yote bila shida, na utarudi kwenye viazi na ndizi. Jambo jingine: dawa za mzio kama Piriton na setirizini hufunika kipimo cha ngozi, hivyo uliza kliniki mapema aziache siku ngapi kabla.

Maziwa kidogo kwenye viazi, kama aliyazoea na hayamo kwenye ule unga, mrudishie. Samaki angoje majibu, kwa ajili ya omena. Maharagwe yaliyopondwa, nyama ya kusaga, ini, parachichi, vyote hivyo havijatajwa na mtu, mpe. Kilo hazipandi kwa sababu mmemfungia jikoni, mzio hauna hatia hapo.

Na hili kila mtu wa nyumbani alijue, yaya wa kwanza. Mtoto akianza kukoroma kifuani, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, akitapika mfululizo au akilegea, Piriton haimwokoi. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja, upesi. Ni dawa ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na chumba cha dharura kinapaswa kuwa nayo. Mshike akiwa amelala, usimsimamishe, na usingoje matatu ijae.

Nina neno kwa majirani zako watakaosoma ukurasa huu na kukimbia kuwanyima watoto wao njugu. Msifanye hivyo. Mwaka 2015 kundi la Gideon Lack kule London lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, ambao tayari walikuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa njugu mapema, nusu walinyimwa mpaka miaka 5. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, walionyimwa asilimia 13.7 waliishia na mzio wa njugu. Waliolishwa, asilimia 1.9. Kabla ya hapo ushauri wa madaktari wengi ulikuwa kinyume kabisa. Njugu kwa mtoto iwe imesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, kamwe isiwe nzima, maana nzima humkaba. Na mwenye ukurutu mkali amwone daktari kwanza.

Bi Lishe, nikinywa chai ya maziwa asubuhi, nikifika Nyayo Stadium ndani ya matatu tumbo linaunguruma mpaka jirani anageuka. Nikifika ofisini nakimbilia choo. Lakini mala namaliza pakiti na siumwi. Mke wangu, ambaye kwao ni Bomet, anasema nina kisirani tu na maziwa. Je, nina aleji?
*Mume wa South B*

Ndugu yangu, huna mzio, na kisirani huna. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktesi ili ivunjwe kwenye utumbo mwembamba. Karibu watoto wote wanacho. Wanadamu wengi kinawapungukia wanapokua, na laktosi isiyovunjwa inateremka mpaka utumbo mpana ambako bakteria wanaifanyia karamu: gesi, maji, mbio za chooni. Kinga ya mwili haihusiki, kwa hiyo hakuna kuvimba midomo wala kufa ghafla. Ni aibu ya matatu tu.

Mala haikusumbui kwa sababu bakteria walioigandisha wameshakula sehemu ya laktosi, na waliobaki hai wanaendelea na kazi hiyo tumboni mwako.

Kuhusu mkeo: mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zilipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa badiliko lao wenyewe la vinasaba, tofauti na lile la Wazungu. Huenda mkeo amelirithi na wewe hukulirithi. Mwambie hivyo kwa upole, maana utahitaji akupikie chai nyingine. Au ujipikie.

Kuthibitisha ni rahisi na hakuna gharama. Wiki mbili acha maziwa yasiyogandishwa, ya chai na ya uji. Mala na mtindi endelea. Tumbo likitulia, rudisha glasi moja ya maziwa bila kitu kingine, siku ambayo huendi kazini, uone. Likichafuka, umepata jibu. Baadhi ya hospitali kubwa zina kipimo cha pumzi, lakini wachache wanakihitaji. Baada ya hapo tafuta kiwango chako: wengi wenye hali hii huvumilia gramu 12 hivi za laktosi, yaani kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chai ya nusu maji nusu maziwa, pamoja na mandazi, pengine isikuguse. Inayokuumiza ni ile ya maziwa matupu kwenye tumbo tupu.

Ila kama hali hii ilianza ghafla mwaka huu baada ya kuhara kwa siku nyingi, pima choo kwanza. Giardia na wenzake, vimelea vya tumboni, hukwangua ukuta wa utumbo na kuondoka na laktesi kwa muda, ukitibiwa, laktesi hurudi.

Mimi ni muuguzi. Nikila parachichi mdomo na koo vinaniwasha. Ndizi mbivu vilevile, na juzi papai. Nikafikiri ni dawa zinazopuliziwa matunda. Nimeosha kwa chumvi, kwa siki, haibadiliki.
*Zamu ya usiku, Kangemi*

Dada, niambie kuhusu mikono yako. Je, inawasha na kututumka dakika chache baada ya kuvaa glavu? Je, kwenye wodi unapiga chafya wenzako wanapozivua?

Nauliza kwa sababu parachichi, ndizi na papai ni matunda ya miti isiyo ya ukoo mmoja, lakini yana protini zinazofanana na za utomvu wa mpira unaotengenezewa glavu. Mtu anayevaa glavu hizo miaka kwa miaka mwili wake unaweza kuuzoea mpira kwa ubaya, kisha ukaanza kuyatuhumu matunda kwa kufanana sura. Kati ya wenye mzio wa mpira, theluthi moja hadi nusu hupata shida na tunda fulani. Kuosha hakusaidii kwa kuwa protini iko ndani ya nyama ya tunda, wala dawa ya shambani haina makosa hapa (ingawa ina makosa mengine, tutayazungumza siku nyingine).

Mzio huu usichanganye na ule wa ngozi kukauka na kupasuka siku moja au mbili baadaye. Huo wa kuchelewa mara nyingi unatokana na kemikali za kiwandani zilizotumiwa kutengeneza glavu, na matunda hayahusiki.

Omba upimwe IgE ya mpira. Wakati unangoja, vaa glavu za nitrili. Na si wewe tu: glavu zenye unga zinarusha protini ya mpira hewani, ukavuta hata kama hukuzivaa wewe. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga mwaka 2017. Mwambie msimamizi wa wodi kwa maandishi. Halafu, na hapa sicheki, kabla ya kung'olewa jino, kupasuliwa au kujifungua, taja mzio wa mpira wewe mwenyewe bila kuulizwa. Baloni za sherehe na kondomu za mpira vimo vilevile. Parachichi liache mpaka daktari akuambie. Likishafika kooni, sipendi kulifanyia mzaha.

Nililipa pesa nyingi nipimwe damu na nywele. Nikaletewa orodha ya vyakula arobaini na kitu "visivyonifaa": nyanya, ngano, kuku, maharagwe, hata chai. Miezi mitatu sasa nakula wali na samaki. Tumbo bado linajaa gesi kila jioni na kichwa kinauma. Nimepungua. Nitoe nini kingine?
*Dada wa Kilimani*

Usitoe kitu. Umetoa pesa, inatosha.

Nywele hazijui ulichokula wala hazina kinga ya mwili ya kupima. Zitupe. Kile kipimo cha damu, nikitazama karatasi uliyotuma, kilipima IgG, kingamwili tofauti na IgE ya mzio. Mwili hutengeneza IgG dhidi ya vyakula unavyovila mara kwa mara; ni alama kwamba mmekutana. Ndiyo maana orodha yako inafanana na jikoni yako. Jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilishasema mwaka 2008 kwamba IgG4, aina mojawapo ya IgG, ya vyakula isitumiwe kutafuta mzio wala chakula kisichovumilika, na vyama vya Marekani na Kanada vimesema hayo hayo. Inayohusika na mzio wa haraka ni nyingine, na ilianza kugunduliwa kwa njia ya kishujaa kidogo: mwaka 1921 daktari Carl Prausnitz alijidunga kwenye ngozi majimaji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, ambaye samaki aliyepikwa alikuwa akimdhuru. Kesho yake akajidunga dondoo ya samaki pale pale, pakavimba. Kitu kilichokuwa ndani ya damu ya Küstner kilikuja kutambuliwa miaka ya 1960 kuwa IgE. Wewe huna dalili hata moja ya IgE. Una gesi na kichwa.

Kwa gesi hakuna damu itakayokuambia. Njia ni daftari na subira: rudisha chakula chako cha kawaida chote kwa wiki moja ili upate nguvu, uandike kila unachokula na saa tumbo linapojaa. Kisha toa kundi moja tu, wiki mbili hadi nne, urudishe, uone. Rudisha kwa siku tatu, kiasi kidogo, halafu cha kawaida, halafu kikubwa. Kisiporudisha dalili, kimesamehewa milele, hamia kundi lingine. Atoaye kumi kwa mpigo hata akipona hajui aliponywa na nini.

Kama ningewekewa dau, ningeanza na kitunguu. Hakimo kwenye orodha yako, nimekagua, na wali wako wa kila siku umekaangiwa kitunguu, samaki kadhalika. Kitunguu na kitunguu saumu vina fruktani, aina ya kabohaidreti ambayo binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Bakteria ndio wanaofaidi. Watu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Australia wamefanya kazi kubwa kuhusu sukari za namna hii. Fruktani inayeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta, na hapo ndipo penye ujanja: katakata kitunguu vipande vikubwa, kikaange kwenye mafuta mpaka kinukie, kitoe chote kabla ya kutia nyanya. Ladha inabaki sufuriani, fruktani nyingi inatoka na kitunguu. Jani la kijani la kitunguu cha majani halina shida, tia.

Ngano ina fruktani pia, na wengi wanaolaumu gluteni, protini ya ngano, wanaumizwa na hiyo fruktani. Lakini ngano usiiache kabla ya kupimwa kingamwili za siliaki, ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili uharibu utumbo wake wenyewe. Kipimo hicho kinahitaji uwe unakula chapati zako kama kawaida. Ukiacha kwanza, kinaweza kusema huna kumbe unao. Na kupungua kwako mwambie daktari, pamoja na damu kwenye choo au homa za usiku ikiwa zipo, maana hayo si mambo ya daftari.

Mimi ni mwanafunzi, nakaa Roysambu. Nikipika maharagwe natapika. Nikila ya kibandani sitapiki. Hii ni aleji ya maharagwe ya kwangu tu? Gesi ni ghali kwa hiyo nayachemsha kidogo, namimina kwenye thamosi yanaivia huko usiku kucha.
*Bachela*

Mwanangu, thamosi ndiyo mbaya wako. Maharagwe, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili ambayo hufa kwa kuchemka sawasawa, si kwa kukaa kwenye maji ya moto. Moto mdogo unaweza hata kuyafanya makali zaidi. Muda wa saa moja hadi tatu baada ya kula, unatapika. Yaloweke usiku, umwage yale maji (yanaondoka na sehemu ya sukari za gesi), tia mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 na zaidi, hapo ndipo uyahamishie kwenye thamosi. Yakiwa bado magumu asubuhi, yatokotee tena. Mama wa kibanda anayachemsha tangu alfajiri, ndiyo siri yake yote.

Tulinunua vipande vya jodari, muuzaji akasema vimetoka Mombasa usiku huo. Tulikula wanne. Nusu saa haijaisha watatu tukawa wekundu uso na shingo, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga. Dukani la dawa wakasema sote tuna aleji ya samaki. Inawezekana watatu siku moja? Mume wangu anasema aliona kama samaki ana pilipili, na sikutia.
*Mpishi wa Pangani*

Haiwezekani, na mumeo ametoa ushahidi mzuri kuliko duka la dawa. Jodari, nguru na jamaa zao wana histidini nyingi kwenye nyama. Samaki akikosa barafu njiani, bakteria huigeuza kuwa histamini, kitu kile kile ambacho mwili hutoa wakati wa mzio. Kwa hiyo dalili ni za mzio kweli, ila histamini mmeila tayari imo ndani ya samaki. Huwasha ulimi kama pilipili. Haifi kwa kukaangwa wala kwa kugandishwa, na samaki anaweza asinuke kabisa.

Dawa za mzio huituliza, na kwa kawaida inaisha siku hiyo hiyo. Anayebanwa kifua aende hospitali bila kubishana. Tofauti ni kwamba kesho hamtakuwa na mzio wa samaki. Mtu mmoja kati ya wanne akivimba kila anapokula samaki wa aina yoyote, huyo ndiye wa kupimwa. Watatu kwa sahani moja, pimeni barafu ya muuzaji. Ukinunua tena, gusa kipande: kiwe baridi mpaka kidole kiumie, na barafu iwe juu na chini yake. Vile vipande vilivyobaki kwenye friji usimpe hata paka.